Risasi Ikishatoka, Nani Atajibu?

Jumanne ya Juni 25, 2024, vikosi viwili vya Kenya vilipishana njia. Huko Haiti, ndege iliyobeba kundi la kwanza la polisi wa Kenya ilitua Port-au-Prince. Walikuwa wametumwa kupambana na magenge yenye bunduki za kivita yaliyokuwa yameteka sehemu kubwa ya mji mkuu huo. Huku Nairobi, wabunge walikuwa wameupitisha Mswada wa Fedha kwa kura 195 dhidi ya 106, na muda mfupi baadaye vijana waliokuwa wakiupinga wakavunja ua wa Bunge. Sehemu ya jengo ikawaka moto. Risasi zikalia, watu wakaanguka, wengine wasiinuke tena. Siku haikwisha kabla Waziri wa Ulinzi wa wakati huo, Aden Duale, hajatoa tangazo katika Gazeti Rasmi la Serikali kwamba Jeshi la Ulinzi la Kenya, KDF, limeitwa kuwasaidia polisi.

Kwa hiyo, katika siku moja, taifa lilipeleka polisi ng'ambo kufanya kazi inayokaribia vita, na likawaleta wanajeshi mjini kufanya kazi ya polisi.

Mjadala uliofuata mitandaoni na vijiweni ulihusu zaidi nani mkali kuliko mwenzake, karao au mwanajeshi. Ulikuwa mjadala wenye vichekesho vyake, lakini ulilikosa jambo. Tofauti ya vikosi hivi viwili haimo katika ukubwa wa bunduki wala ugumu wa mafunzo. Imo katika yale yanayofuata risasi ikishatoka: aliyeifyatua anajulikana kwa jina? Aliamriwa na nani? Na mama wa aliyepigwa aende mlango upi kudai haki? Polisi ameundwa ili maswali hayo yawe na majibu. Mwanajeshi ameundwa kwa uwanja ambao aghalabu maswali hayo hayaulizwi. Nchi inapovichanganya vikosi hivi, kinachopotea kwanza ni anayepaswa kujibu.

Katiba ilivyowagawia kazi

Katiba ya Kenya ya 2010 inataja vyombo vitatu vya usalama wa taifa: jeshi, idara ya ujasusi, na Huduma ya Taifa ya Polisi. Kila kimoja kimepewa mipaka yake, na vyote vimewekwa chini ya mamlaka ya raia.

Kwa jeshi, Ibara ya 241 inataja kazi tatu. Ya kwanza, ambayo ndiyo kazi yake hasa, ni kulinda uhuru wa nchi na mipaka yake. Ya pili ni kushirikiana na mamlaka nyingine wakati wa dharura au maafa, kama vile mafuriko, jengo kuporomoka au moto mkubwa. Hapo jeshi linaweza kutoka kambini, kisha taarifa ipelekwe kwa Bunge la Kitaifa. Ya tatu ni kurejesha amani mahali penye machafuko ndani ya nchi, na kwa hili Katiba imekaza kamba: hakuna kwenda mpaka Bunge la Kitaifa liidhinishe.

Aliyeandika hivyo alijua alichokuwa akikizuia. Ukiita tukio dharura, Bunge linaarifiwa baadaye. Ukiliita machafuko, Bunge linaombwa ruhusa kwanza. Juni 2024 serikali ilizungumzia dharura ya usalama iliyosababishwa na maandamano yenye vurugu, na wabunge wakaidhinisha hatua hiyo Juni 26, wanajeshi wakiwa tayari wameitwa. Chama cha Mawakili kilikimbilia Mahakama Kuu. Jaji Lawrence Mugambi hakuwarudisha wanajeshi kambini, kwa kuwa aliona kulikuwa na haja ya kulinda majengo na miundombinu muhimu. Lakini aliiamuru serikali itangaze ndani ya siku mbili wanajeshi hao watafanya kazi gani, wapi, na kwa muda gani. Akaonya kwamba kuwamwaga wanajeshi miongoni mwa raia bila mipaka ya kazi wala muda ni hatari inayoweza kuifanya nchi yote iwe ya kijeshi.

Miezi mitano kabla ya hapo, mahakama hiyo hiyo ilikuwa imeulizwa swali lilo hilo kutoka upande wa pili. Mwanasiasa Ekuru Aukot alikuwa amepinga safari ya polisi kwenda Haiti. Januari 26, 2024, Jaji Chacha Mwita aliamua kwamba Baraza la Usalama wa Taifa lina mamlaka ya kupeleka jeshi nje ya nchi kwa idhini ya Bunge, lakini halina mamlaka hayo juu ya polisi. Polisi wanaweza kwenda nchi nyingine tu kwa njia iliyowekwa na sheria yao wenyewe, pakiwa na makubaliano ya pande zote mbili. Serikali ikatia sahihi makubaliano na Haiti, safari ikaendelea.

Hukumu hizi mbili zinafundisha jambo moja. Polisi si jeshi dogo, na jeshi si polisi waliokomaa. Sheria haikusema kwamba maji yakizidi unga kwa polisi basi jeshi ndilo daraja linalofuata. Imeweka milango miwili tofauti, kila mmoja na bawabu wake.

Sare ya buluu ilitoka wapi

Mgawanyo huu hauna umri mrefu. Uingereza yenyewe, iliyotuachia sheria zake nyingi, ilikuwa ikituliza ghasia kwa wanajeshi hadi karne ya 19. Agosti 16, 1819, katika uwanja wa St Peter's mjini Manchester, umati wa watu wapatao 60,000 ulikusanyika kudai haki ya kupiga kura. Askari wa farasi waliingia ndani ya umati na panga zao. Watu wapatao 15 walikufa na mamia wakajeruhiwa. Tukio hilo, ambalo Waingereza hulikumbuka kwa jina la Peterloo, liliacha somo: mtu aliyefunzwa kumvamia adui hana zana nyingine akilini mwake anapokutana na raia aliyekasirika.

Miaka kumi baadaye, mwaka 1829, Robert Peel aliunda polisi wa jiji la London. Aliwavisha buluu makusudi, maana wanajeshi wa wakati huo walivaa nyekundu. Aliwapa rungu badala ya bunduki. Walipita mitaani kwa miguu, na kila mmoja alikuwa na namba yake iliyoonekana kwenye ukosi. Namba hiyo ilikuwa na maana kubwa: mwananchi aliyeonewa angeweza kuikariri na kwenda kushtaki.

Lakini makoloni hayakupelekewa polisi wa aina hiyo. Yalipelekewa mfano wa Ireland, ambako Waingereza walikuwa wameunda kikosi chenye bunduki, kinachoishi kambini, na ambacho kazi yake ya kwanza ilikuwa kuilinda serikali dhidi ya watu iliowatawala. Kenya ilipata polisi wa aina hii ya pili. Gavana Evelyn Baring alipotangaza Hali ya Hatari Oktoba 1952, wanajeshi wa Uingereza waliletwa kwa ndege, nao polisi wakapanuliwa na kupewa silaha zaidi. Mwaka uliofuata kikaundwa kikosi cha polisi wa kutuliza ghasia, GSU. Vita vya Mau Mau viliisha, uhuru ukaja, bendera ikabadilishwa. GSU ikabaki, na imekuwa ndiyo sura ya serikali kila palipo na maandamano.

Ndiyo maana mtu anaposema kwamba polisi wetu wanafanya kazi kama jeshi, hazungumzii tabia iliyozuka jana. Huduma ya polisi ilianza hivyo, na kauli yake ya Utumishi kwa Wote ikabandikwa juu ya msingi uliokuwa umejengwa kwa ajili ya kutawala.

Jeshi lilipoitwa

Wanaotamani jeshi liingie barabarani wana haki ya kuuliza: kuna ubaya gani? Majibu yapo katika sehemu za nchi ambazo zimewahi kuliona likija.

Februari 1984, katika eneo ambalo leo ni Kaunti ya Wajir, wanaume wa ukoo wa Degodia walikusanywa na vikosi vya usalama katika uwanja wa ndege wa Wagalla, ikidaiwa kwamba ni msako wa silaha. Waliwekwa juani kwa siku kadhaa bila maji. Wengi hawakutoka hai. Serikali ilitaja vifo 57. Manusura wakasema ni mamia, wengine maelfu. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilipotoa ripoti yake mwaka 2013, miaka 29 ilikuwa imepita na bado hesabu ilikuwa inabishaniwa. Ukikosa hata idadi ya waliokufa, huwezi kumpata aliyewaua.

Machi 2008, wanajeshi walipelekwa Mlima Elgon katika operesheni iliyopewa jina la Okoa Maisha. Adui alikuwepo kweli: wanamgambo wa SLDF walikuwa wameua watu, kukata masikio na kufukuza familia kwenye mashamba kwa sababu ya ugomvi wa ardhi. Polisi walikuwa wameshindwa. Jeshi likawamaliza wanamgambo hao katika muda mfupi na kiongozi wao akauawa. Wakazi wengi walishukuru. Lakini mashirika ya haki za binadamu yalikusanya ushahidi wa wanaume waliokamatwa kwa wingi, wakapigwa na kuteswa kambini, na wengine hawakurudi nyumbani. Jeshi lilikana. Wake zao waliendelea kuzunguka ofisi hadi ofisi wakitafuta hata cheti cha kifo, kwa maana bila cheti hakuna urithi wala ada ya shule.

Na asidhani mtu kwamba haya ni ya Afrika peke yake. Januari 30, 1972, katika mji wa Derry huko Ireland ya Kaskazini, wanajeshi wa Uingereza wa kikosi cha miavuli waliwafyatulia risasi waandamanaji. Watu 13 walikufa siku hiyo, na mwingine akafa baadaye. Uchunguzi wa kwanza, uliofanywa mwaka huo huo, uliwatetea wanajeshi kwa kiasi kikubwa. Ilichukua hadi Juni 2010 kwa uchunguzi wa pili, wa Jaji Saville, kusema kwamba waliouawa hawakuwa tishio, na waziri mkuu David Cameron akaomba radhi bungeni. Nchi yenye mahakama huru na magazeti makali ilihitaji miaka 38 kukiri jambo ambalo mashuhuda walilisema jioni ile ile. Kikosi kilichozoea kulinda siri zake dhidi ya adui hulinda siri hizo hata dhidi ya jaji.

Nani anashika usukani

Hata hivyo, ukweli wa upande wa pili lazima nao usemwe. Kuna kazi za ndani ya nchi zinazowazidi polisi. Novemba 2012, katika bonde la Suguta karibu na Baragoi, polisi waliokwenda kufuata mifugo iliyoibwa walivamiwa, na takribani 40 kati yao wakauawa. Wengi walikuwa vijana ambao hawakuwa na uzoefu wowote wa bonde lile. Kuwatuma polisi mahali kama pale bila ndege, bila taarifa za kijasusi na bila ujuzi wa mapigano ya nyikani ni kuwachinja.

Februari 2023, mashambulizi ya wezi wa mifugo yaliposhamiri Kaskazini mwa Bonde la Ufa, serikali iliwaita wanajeshi wasaidie polisi. Mara hiyo utaratibu ulionekana: kaunti sita zilitajwa kwa majina, yaani Turkana, Pokot Magharibi, Elgeyo Marakwet, Baringo, Laikipia na Samburu, na Bunge la Kitaifa likaombwa idhini na kuitoa. Unaweza kuikosoa operesheni yenyewe kwa mengi, lakini mwananchi wa Baringo alijua ni nani yuko kwao na kwa nini.

Somo jingine limo katika mashambulizi mawili ya kigaidi jijini Nairobi. Septemba 21, 2013, watu wenye silaha walivamia jumba la maduka la Westgate. Makomando wa polisi wa kikosi cha Recce waliingia na kuanza kuwasukuma washambuliaji pembeni. Kisha wanajeshi wakafika. Hapakuwa na kamanda mmoja, wala mawasiliano ya pamoja. Afisa mmoja wa Recce akauawa kwa risasi za wenzake wa jeshi, polisi wakajitoa, na mzingiro ukaendelea hadi Septemba 24. Watu 67 walipoteza maisha. Kamera za jengo ziliwaonyesha wanajeshi wakitoka kwenye supamaketi na mifuko. Mwishowe jeshi likasema wawili wamefukuzwa na kufungwa.

Januari 15, 2019, magaidi waliposhambulia hoteli ya DusitD2, mambo yalikuwa tofauti. Polisi ndio walioongoza, wengine wakasaidia, na amri zilitoka sehemu moja. Watu 21 waliuawa, msiba mkubwa, lakini zaidi ya 700 waliokolewa na tukio likaisha katika muda usiofika siku nzima. Silaha hazikuwa zimebadilika sana katika miaka hiyo mitano. Kilichobadilika ni kujua nani anaamuru na nani anatii.

Sheria ya KDF ya mwaka 2012 ilikuwa imeliona hilo mapema. Inasema kwamba jeshi linapoitwa kushirikiana na polisi ndani ya nchi, usimamizi wa operesheni ni wa Inspekta Jenerali wa Polisi. Tena Bunge lielezwe sababu ya kuwaita wanajeshi, mahali watakapokuwa, idadi yao na muda wao. Wanajeshi wanaazimwa, kazi inabaki kuwa ya polisi. Mtu aliyeazima panga la jirani bado ndiye anayeulizwa mti wa nani umekatwa.

Polisi wanapovaa kofia ya jeshi

Hapa ndipo suala lenyewe linapouma zaidi. Kwa miaka mingi hatari imekuwa ikitafutwa kwenye vifaru, kumbe ilikuwa imeegeshwa kando ya barabara ndani ya gari dogo lisilo na namba za usajili.

Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ina jedwali zima kuhusu matumizi ya nguvu. Inamtaka afisa aanze kwa njia zisizo na nguvu, na nguvu itumike pale tu njia hizo zinaposhindwa. Inamtaka aliyevaa sare awe na jina au namba yake ya utumishi mahali panapoonekana. Inasema kwamba amri ya mkubwa haimwokoi aliyetumia nguvu kinyume cha sheria. Mtu akifa au kuumizwa vibaya, Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendakazi wa Polisi, IPOA, lazima ijulishwe. Ukiyasoma masharti hayo yote kwa pamoja, utaona yana nia moja: kila risasi ya polisi iwe na mwenyewe.

Pale masharti hayo yanapofuatwa, au ushahidi unapopatikana, haki hutembea. Mwaka 2014 polisi walimuua kwa risasi msichana wa miaka 14 nyumbani kwao Kwale. IPOA ilichunguza, na mwaka 2016 Mahakama Kuu ya Mombasa iliwafunga maafisa wawili miaka saba kila mmoja kwa kuua bila kukusudia. Juni 2025, mchuuzi wa barakoa alipigwa risasi ya kichwa na polisi katikati ya Nairobi mchana kweupe. Simu za watu zilinasa kila kitu, na afisa akafikishwa mahakamani kwa shtaka la mauaji. Kesi kama hizi ni chache mno ukilinganisha na vifo, lakini zinaonyesha kwamba njia ipo.

Sasa mwondoe afisa huyo sare. Mfunike uso kwa kitambaa. Mpakie kwenye gari ambalo namba zake zimebanduliwa. Kati ya Juni na Desemba 2024, Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu ilihesabu visa 82 vya watu waliotekwa, wengi wao vijana walioikosoa serikali. Inspekta Jenerali akasema polisi hawahusiki. Kama hawakuhusika, ilikuwa kazi yao kuwatafuta waliohusika. Kama walihusika, hapakuwa na jina wala namba ya kuwaumbua. Hakuna kilichoandikwa kwenye OB, yaani daftari la matukio la kituo, hakuna seli iliyotajwa, hakuna afisa wa zamu. Mzazi alizunguka vituo vyote vya jiji na kuambiwa kila mahali kwamba mtoto wake hayupo.

Agosti 2024 Mahakama Kuu, kupitia kwa Jaji Bahati Mwamuye, iliagiza kwamba maafisa wanaotumwa kwenye maandamano watambulike, wasifiche nyuso, na magari yao yasifichwe namba. Agizo hilo halikuzua jambo jipya. Lilirudia tu alichokijua Peel alipowashonea askari wake namba kwenye ukosi. Walioshuhudia maandamano ya mwaka uliofuata waliendelea kuona wanaume wenye vitambaa usoni.

Na lugha ya viongozi ikazidi kuchochea. Julai 2025 Rais William Ruto alisema hadharani kwamba wanaoharibu biashara za watu wapigwe risasi za miguu, wapelekwe hospitalini, kisha mahakamani. Mfanyabiashara aliyeibiwa duka lake zima ana uchungu wa haki, na serikali ina wajibu kwake. Lakini sheria ya polisi haimpi afisa ruhusa ya kuadhibu kwa risasi kabla ya hukumu. Kauli ya aina hiyo inageuza mtaa kuwa uwanja wa vita hata kama hakuna mwanajeshi hata mmoja aliyetoka kambini.

Tume ya Jaji Philip Waki ilikwishatuonyesha bei ya fikra hizo. Katika ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, ilihesabu vifo 1,133, na kati ya hivyo 405 vilitokana na risasi. Polisi wa wakati ule ndio waliokuwa na bunduki nyingi zaidi barabarani. Mabadiliko ya sheria za polisi ya mwaka 2011, IPOA ikiwamo, yalizaliwa na takwimu hizo.

Kwa nini vijana waliwashangilia wanajeshi

Picha nyingi za Juni 2024 zilionyesha kitu ambacho waandishi wa Katiba hawakukitarajia: waandamanaji wakiwapigia makofi wanajeshi. Wapo waliosema hiyo ni dalili kwamba wananchi wanataka jeshi lisimamie mambo.

Si hivyo. Mwananchi wa Nairobi hakutani na mwanajeshi kila siku. Mwanajeshi hamsimamishi kwenye kizuizi cha barabara na kumwomba kitu kidogo. Hamkamati kijana Mathare saa moja jioni kwa kosa la kuzurura. Hamlazi mchuuzi ndani ya mariamu hadi alipe. Mwanajeshi anapendwa kwa sababu ya umbali wake. Makofi yale yalikuwa malalamiko dhidi ya polisi, yaliyoelekezwa kwa mtu aliyesimama karibu nao.

Mkazi wa Wajir au wa Mlima Elgon, aliyepoteza ndugu mikononi mwa wanajeshi, hakuwa na sababu ya kupiga makofi. Na mwanajeshi mwenyewe angepoteza heshima hiyo mwezi mmoja tu baada ya kupewa kazi ya polisi. Jeshi linalogombana na wachuuzi hupoteza nidhamu yake, na makamanda wenye busara wanalijua hilo. Kenya ilikwishaonja hatari ya wanajeshi waliosogea karibu na siasa Agosti 1, 1982, wanahewa walipojaribu kuipindua serikali. Isitoshe, sheria iliyounda IPOA inahusu polisi peke yao. Mwanajeshi akimpiga raia risasi barabarani, chombo hicho kilichoundwa kusikiliza kilio cha raia hakina mamlaka naye. Kumbadilisha polisi kwa mwanajeshi ni kuikimbia ofisi yenye kasoro na kuingia katika jengo lisilo na ofisi.

Polisi waliokwenda Haiti nao walikumbana na kioo cha tatizo hili. Haiti ilivunja jeshi lake mwaka 1995 na kwa miaka mingi ikawategemea polisi wachache kwa kila kitu, hadi magenge yakawazidi nguvu. Kikosi kilichoongozwa na Kenya kilipangwa kuwa na watu 2,500, lakini hakikuwahi kukaribia idadi hiyo, na Kenya ilipoteza maafisa wake huko. Mwishoni mwa Septemba 2025, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa likaidhinisha kikosi kikubwa zaidi chenye jukumu la wazi la kuyakabili magenge kwa silaha. Nchi isiyo na jeshi linalofanya kazi ya jeshi huwasukuma polisi kwenye vita. Nchi isiyo na polisi wanaofanya kazi ya polisi huwavuta wanajeshi mitaani. Njia zote mbili zinamwacha raia bila mlinzi.

Tudai nini

Mjadala huu usiachiwe mawakili peke yao. Kuna mambo manne ambayo mbunge yeyote anaweza kuulizwa na wapiga kura wake, nayo hayahitaji Katiba mpya.

Kwanza, idhini ya Bunge itangulie wanajeshi popote pale wanapopelekwa kwa sababu ya machafuko, na neno dharura lisiwe kichaka cha kukwepea sharti hilo. Wabunge walioweza kukutana Juni 26 wangeweza kukutana pia usiku wa Juni 25.

Pili, kila tangazo la kuwaita wanajeshi litaje mahali, kazi, idadi na tarehe ya kurudi kambini, kama sheria inavyotaka na kama mahakama ilivyolazimika kukumbusha. Tangazo lisilo na tarehe ya mwisho si la kuazima jeshi, ni la kuliweka.

Tatu, sheria ya IPOA ipanuliwe ili mwanajeshi anayefanya kazi ya polisi miongoni mwa raia achunguzwe kama polisi, kwa muda wote anaokuwa katika kazi hiyo. Akivaa majukumu ya polisi, avae na masharti yake.

Nne, na hili ndilo la haraka zaidi, afisa aliyefunika uso katika maandamano achukuliwe hatua kwa kosa hilo peke yake, hata kama hajafyatua risasi. Anayewajibika pamoja naye ni kamanda aliyempanga, na jina la kamanda lipo kwenye orodha ya zamu. Hilo halihitaji bajeti. Linahitaji Inspekta Jenerali mmoja aliye tayari kumsimamisha kazi mkubwa mmoja, na wengine wataona.

Polisi wengi ni watoto wa nyumba zile zile wanazotoka waandamanaji. Wanalala kwenye nyumba duni, wanatumwa bila chakula, na wanapewa amri ambazo aliyezitoa hatasimama nao kizimbani. Jina kifuani humlinda afisa wa aina hiyo pia. Siku atakapoamriwa kufanya analojua ni haramu, atakuwa na sababu ya kumjibu mkubwa wake: afande, jina lililoandikwa hapa ni langu, siyo lako.